Herufi za Injinia

Cheo cha Injinia alipewa kwa kejeli. Hakuwa na cheti cha chuo chochote. Alianza kazi kwenye kituo kile cha kutotolesha vifaranga akifagia maganda ya mayai, na umeme aliujua kwa redio mbovu alizokuwa akizifungua nyumbani. Siku alipoinamia mota ya kugeuza trei, fundi wa wakati huo, mwanamume mmoja mwenye kitambi na mdomo, aliangua kicheko mbele ya wafanyakazi wote. "Haya, mpisheni injinia!" Mota ikazunguka. Fundi yule akaja kuhama, jina likabaki, na kejeli ikafutika taratibu bila mtu kujua ni lini. Lakini mwenyewe asahau? Thubutu! Kicheko kile alikula nacho na kulala nacho miaka yote, mpaka siku kilipoletwa kibao.

Kibao chenyewe kilikuwa kompyuta nzima, ndogo kama kadi ya karata, yenye safu ya vijiguu vya chuma vya kuunganishia nyaya. Meneja alikinunua kiendeshe mashine za kituo: kiwashe na kuzima hita, kigeuze mayai, kihesabu siku. Muuzaji alikuja nacho asubuhi, akaweka skrini juu ya meza ya kupimia mayai, akaeleza kwamba kitu hiki hakijui lolote mpaka kiandikiwe programu. Na mahali pa kuiandikia pako pa aina tatu, kwa hiyo wachague. Ya kwanza ilikuwa ya vipande vya rangi: unavuta kipande kilichoandikwa "washa", unakiunga na kilichoandikwa "hita", basi. Ya pili unaandika mwenyewe, lakini ukikosea inakupigia mstari mwekundu. Ya tatu ilikuwa skrini nyeusi tupu, na kistari kimoja kinachopepesa.

"Hii ya tatu inakubali chochote," muuzaji alionya. "Ukiiambia ujinga, itafanya ujinga huohuo, kimya kimya."

Pembeni alikuwepo mdogo wake Injinia, akipanga mayai kwenye trei. Kituo kizima kilimwita Mdogo kwa sababu dada yake alimwita hivyo. Alipangusa mikono, akasogea.

"Dada, chukua ile ya rangi. Ile hata mimi nitaielewa."

"Ile ya watoto? Ili wanicheke?"

"Nani wa kukucheka, dada? Mwenye kucheka alishaondoka."

Maneno hayo yalikuwa kweli tupu, na yalipita sikio hili yakatokea lile. Injinia alichagua skrini nyeusi. Wala si kwamba ilikuwa bora kwa kazi ile, tusidanganyane. Aliichagua kwa sababu ilikuwa ngumu, na kwa sababu fundi yule mwenye kitambi asingeiweza.

Akaiandika kwa wiki tatu, na akaiandika vibaya kwa namna yake mwenyewe. Kompyuta aliyojifunzia nyumbani ilikuwa kikongwe kilichotupwa na ofisi fulani, chenye kumbukumbu finyu hivi kwamba kila herufi ilikuwa na uzito. Basi alizoea kukipa kila kitu herufi moja: kilichomjia kwanza kichwani kikaitwa a, cha pili b, na kuendelea, bila maelezo popote. Kibao kipya kingeweza kubeba maktaba nzima, lakini mkono ulishazoea ubahili.

Mdogo alinunua daftari. Akavuta stuli, akakaa nyuma ya dada yake na kalamu tayari.

"Dada, g ni nini?"

"G ni g."

Wafanyakazi walicheka. Mdogo naye akacheka, akafunga daftari. "Usijali," Injinia alimwambia, "nitakufundisha tukipata nafasi." Nafasi gani tena? Miaka minne ilipita. Mashine hazikukosea hata siku moja, Injinia akavimba kichwa, na Mdogo akaendelea kunyanyua trei mpaka mgongo ukaanza kumlia kila anapoinama.

Kisha yakaja macho. Daktari alisema ni presha ya macho, na kilichokwishapotea hakirudi. Injinia alificha kwa miezi, akibonyeza vitufe kwa mazoea, hadi siku alipolisalimia kabati akidhani ni meneja. Meneja hakuwa mtu mbaya. Alimwita ofisini pamoja na Mdogo, akawaambia wazi: Injinia atapumzika, na nafasi ya fundi atapewa Mdogo, kwa sharti moja. Ijumaa wangeleta mayai ya bata kwa mara ya kwanza. Abadilishe programu ya mashine ya pili mbele yake, kutoka mayai ya kuku kwenda ya bata, na kazi itakuwa yake.

Mdogo hakulala vizuri wiki ile. Nyumbani walikuwa wawili tu, na sasa jozi ya macho ilikuwa moja. Akiwa fundi angeachana na trei, na mgongo wake ungepona. Alilitoa lile daftari la zamani, ukurasa wa kwanza una herufi g peke yake, hakuna kingine.

Ijumaa mchana alikaa mbele ya skrini, dada yake ubavuni, meneja nyuma akichezea funguo. Kazi ilikuwa ndogo. Mayai ya kuku huachwa kugeuzwa siku ya kumi na nane. Ya bata, siku ya ishirini na tano. Mdogo alitafuta namba ile, akasita.

"Dada, hapa kuna d, kumi na nane. Na huku chini kuna g, kumi na nane pia."

Ni kweli, zilikuwa mbili. Moja ilikuwa siku ya kuacha kugeuza. Nyingine ilikuwa namba ya kijiguu cha kibao kilichoungwa waya wa hita. Ipi ni ipi? Injinia alipokuwa na macho hakuhitaji kukumbuka. Alitazama tu, mkono ukajua. Sasa alipekua kichwa chake chote asipate kitu.

"Dada," Mdogo alinong'ona, "g ni nini?"

Angesema tu, sijui. Neno moja! Meneja angengoja hadi Jumatatu, wangefuata waya kwa vidole, wangejua. Lakini nyuma yake zililia zile funguo, na wafanyakazi walikuwa wamesimama mlangoni.

"Badilisha g. Weka ishirini na tano."

"Una uhakika?"

"Nimeiandika mimi au umeiandika wewe?"

Mdogo akabonyeza. Skrini nyeusi haikulalamika. Joto lilisomeka thelathini na saba na nusu, safi kabisa, kwa sababu mashine ilikuwa bado na joto lake la awali. "Hongera!" alisema meneja. "Jumatatu uje usaini." Mayai ya bata elfu mbili yakaingizwa, watu wakafunga kazi, na Mdogo akamshika dada yake mkono kurudi nyumbani, akiimba njia nzima.

G ilikuwa hita. Hita ilikuwa inawaka waliposimamisha programu ya zamani, na programu mpya ikawa inatoa amri kwenye kijiguu cha ishirini na tano, kisicho na waya. Hakukuwa na wa kuizima, ikawaka usiku kucha.

Jumamosi asubuhi harufu iliwapokea mlangoni. Mdogo alipasua yai moja kiganjani. Lilikuwa limeiva.

"Nani aliyebadilisha?" meneja aliuliza.

"Mimi," alisema Mdogo.

"Na nani alikwambia ubadilishe hiyo?"

Mdogo aligeuka kumtazama dada yake, na Injinia, ingawa hakuona, alijua anatazamwa. Alifungua mdomo. Akasikia viatu vya wafanyakazi vikikusanyika kumzunguka, na akasikia kile kicheko cha zamani kana kwamba mwenye kitambi kasimama palepale. Akaufunga.

"Basi, kazi ya fundi bado hujaiweza," meneja alisema. "Rudi kwenye trei."

Injinia aliagwa kwa hotuba na saa ya ukutani asiyoweza kuisoma. Meneja alisema Injinia angekuwa bado na macho yake, hasara ile isingetokea, na watu wakampigia makofi. Mdogo naye alipiga.

Fundi mpya alichomoa kwenye kibao kadi iliyobeba programu ya Injinia, akaitia kwenye droo, akaweka ya vipande vya rangi. Jioni moja Mdogo alirudi, akanawa mikono, akapakua chakula.

"Leo fundi kaniachia nipange siku za mayai ya bata."

"Ukaweza?"

"Niliweza."

"Kwa muda gani?"

Mdogo alimsogezea sahani. "Alikuwa anakunywa chai. Nilimaliza kikombe hakijafika nusu."

Injinia alingoja. Alitamani atukanwe, angalau kidogo, apate pa kujibia.

"Siku ile ilitakiwa niseme," alisema mwishowe.

"Ilitakiwa, dada," Mdogo alijibu. Akamshika mkono, akauelekeza kwenye kijiko. "Kula, chakula kinapoa."