Mzimu Ulionikimbia Mimi Tu

Mtanicheka, najua, lakini acheni nimalize. Mimi ni wakala wa malori pale Tunduma, na nyumbani Ibaba narudi mwisho wa wiki tu. Siku hizi kila nikifika jioni naona kitu cheupe kama mtu uani kwangu. Kikiniona tu, kinapotelea kwenye migomba. Majirani wakasema wao hawajaona kitu. Nikajua huo ni mzimu, na unaniogopa mimi kwa ajili ya maombi yangu.

Nikatangaza mkesha wa kuukamata. Wanakwaya wawili wakaja na tochi na chupa ya chai, nikawapa somo refu la ushujaa. Mke wangu nikamwambia alale mapema asije akazimia.

Usiku wa manane majani yakachakarika. Nikaruka, nikakikumbatia kile kitu kwa nguvu zote. "Toka! Toka kwa jina la Yesu!"

Wanakwaya wakamulika. Mke wangu akatoka mbio.

"Baba Neema, mwachie mama! Si nilikwambia kwenye simu amekuja kwa dada hapo jirani, ukaitikia sawa sawa? Alikuwa anangoja ulale ndipo aje kuniona!"

Jamani, kwetu mwanaume na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso, sembuse kukumbatiana. Nikaganda palepale. Mama akainamisha uso ndani ya shuka lake jeupe, akasema na binti yake kana kwamba mimi sipo:

"Mwambie mumeo siku zote hizi nilikuwa namkimbia kwa heshima. Sasa kama amemaliza kukemea, aniachie."