Salamu za Chini ya Barua

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa karatasi, nilipewa sabuni. Nyinyi mnaoona kwenye sinema watu wamevaa glavu nyeupe wakishika barua za kale, sahauni. Glavu huvifanya vidole kuwa vizito, na karatasi iliyokauka haina msamaha. "Nawa, kausha, kisha unawe tena," aliniambia Mkuu wa Karakana, mama mkali aliyekagua kucha zetu kama mwalimu wa zamu. Mimi, mtu mzima niliyetoka Morogoro na cheti changu cha ukutubi, nikanyoosha mikono. Nilikasirika kweli. Baadaye nilimpenda sana mama yule.

Huko karakanani, mahali pa kukarabati karatasi kuukuu katika hifadhi ya nyaraka hapahapa Toronto, ndiko nilikozifahamu barua za ukoo mmoja wa mabwanyenye wa Kimarekani, wenye mashamba ya tumbaku, za miaka ya mwanzo ya karne ya kumi na tisa. Binti wa ukoo huo aliolewa huku Kanada akaja na makasha yake, na vitukuu wakatuletea. Bahasha hazikuwepo. Karatasi ilikunjwa, anwani ikaandikwa mgongoni, kisha ikafungwa kwa lakiri, ile nta nyekundu ya kuyeyusha. Na kwa kuwa posta ilitoza kwa kila karatasi, matajiri wale walikuwa wabahili ajabu: ukurasa ukijaa, waliugeuza ubavu wakaandika tena juu ya mistari ileile. Macho yangu yaliishia pale.

Baadaye nikahamishiwa kitengo cha upangaji wa nyaraka, chini ya Mhifadhi Mkuu, mzee mpole wa sweta moja la kijani. Kazi ilikuwa kuandika muhtasari wa kila barua ili msomaji ajue kilichomo. Tabu ni kwamba watu wale hawakutenganisha nyumba na biashara. Bwana alianza na bei ya tumbaku na nyumbu wa kuuzwa, mkewe akadandia nafasi iliyobaki kumweleza dada yake wa shamba jingine habari za harusi na homa, na chini kabisa zikaja salamu.

"Salamu ziache," alisema Mhifadhi Mkuu. "Hazina habari, na sisi ni wachache."

"Mzee, kwetu salamu ndiyo barua," nilimjibu. "Mama yangu akiandikiwa, alirukia huko kwanza aone nani katajwa na nani kasahauliwa."

"Na aliyesahauliwa?"

"Hapo ni kesi."

Alicheka, akaniruhusu niongeze mstari mmoja: anayesalimu na anayesalimiwa. Ndipo tukaona sote wawili. Watumwa wa mashamba yale, ambao hawakuruhusiwa kujifunza kuandika, walikuwa wakimwomba bibi wa nyumba awapachikie salamu kwa mama au mume aliyebaki shamba jingine. Bibi yuleyule aliyewatenganisha ndiye aliyekuwa posta yao. Jambo hilo liliniuma, na linaniuma mpaka leo.

Nilimalizia utumishi wangu chumba cha wasomaji. Sasa nimestaafu, na vijana wa hapa mtaani kwetu Downsview huniuliza baada ya ibada kama sikuchoka kusoma mambo ya Wazungu waliokufa. Huwa nawasimulia habari za Bi Odessa.

Alikuwa mwalimu mstaafu, mama Mweusi ambaye ukoo wake ulianzia Kanada na babu mmoja aitwaye Prosper, aliyetoroka utumwa kwenye mashamba yaleyale. Zaidi ya jina hilo hawakujua kitu, wala mama yake Prosper, wala bibi mzaa mama. Majira yote ya baridi alisoma barua za biashara, maana humo ndimo watu walimouzwa, na kila jioni aliondoka uso umemshuka.

"Kwetu nimebaki mimi tu ninayeuliza," aliniambia. "Nikifa, basi."

Mhifadhi Mkuu mwenyewe akaja mezani kwangu. "Mpe zile salamu zako," akasema.

Nikatafuta Prosper katika mihtasari yangu, nikampata, nikaitoa barua yenyewe. Mistari ilikuwa imepishana, kwa hiyo nilimsomea polepole: "Betsi aomba mama yake, Dafne, aambiwe kuwa hajambo, na mtoto, aliyemwita Prosper, ameota meno."

Bi Odessa akashika ukingo wa meza. "Betsi," akasema. "Dafne." Kisha akaniuliza, "Dafne alifikishiwa?"

Nilipekua makasha yote nikitafuta jibu la yule dada wa bibi, aliyeandikiwa barua. Halikuwemo.

"Sijui, dada yangu," nilimwambia. "Sitaki kukudanganya."

Akaiangalia ile barua. "Kwenu, salamu zikichelewa mnafanyaje?"

"Zinapokelewa hivyohivyo. Mtu yeyote wa nyumba ile anaweza kuzipokea."

"Mimi ni wa nyumba ile," akasema.

Basi nikaiweka barua chini, nikamtazama usoni. "Betsi anakusalimu. Hajambo, na mtoto ameota meno."

"Nimezipokea," akajibu, machozi yakimtoka. "Mungu amkuze."