Tufaha la Saa Kumi

Kwa miaka sita nilifanya kazi ya nyumbani kwa Wachina, katika mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, Uarabuni. Kila saa kumi nilimmenyea binti yao tufaha, naye alikuwa akila huku akinisimulia mambo ya shule. Mamake alimuuliza alama tu.

Kisha mama huyo akaanza kuhudhuria mafunzo ya wazazi wenye vijana. Akanieleza kwamba mwalimu, Mchina mwenzao, hakuwalazimisha kutamka "nakupenda" kama Wazungu. Aliwaambia, "Kwetu mapenzi ni matunda. Wamenyeeni wenyewe, mkae nao, msiulize mtihani."

Siku ya kwanza mama alimenya tufaha kwa maganda manene hata likabaki nusu. Nikanyoosha mkono.

"Lete, madam, nimalizie."

"Muache, Bibi," binti akaniambia akicheka. "Ndiyo kwanza anajifunza!"

Wakaingia chumbani pamoja. Nikamsikia binti akisimulia kisa cha rafiki yake, kile nilichokuwa nikikingojea tangu jana.

Nikaenda kuswali. Mungu amenipa mengi, namshukuru, lakini nilipokuwa nimesujudu nilijikuta naomba mafunzo yale yavunjike. Nikaomba msamaha, nikaanza dua upya. Ikanitoka ileile.