Siku Moja ya Kumzika Mama

Bosi wetu alipenda kutuita familia. Kila Jumatatu asubuhi alilitamka neno hilo, mkono kifuani, nasi tukaitikia. Nilifanya kazi miaka minne katika duka lake la jumla la vitambaa, mtaani Nakivubo, na kwa muda mrefu nilimwamini. Ujinga ulioje! Mvua ikinyesha na mtaro ukifurika, hakuna aliyengoja kuambiwa. Tulivua viatu, tukanyanyua marobota kutoka sakafuni. Aliyetuongoza ni mama mmoja wa stoo, aliyekuwapo kabla hata rafu hazijafungwa ukutani.

Kisha huyo mama wa stoo akafiwa na mama yake mzazi, huko Masaka. Akaomba siku nne.

"Nakupa moja," bosi akasema, macho kwenye simu. "Mzigo unaingia Alhamisi. Kwani ukikaa nne utamfufua?"

Akaenda, akazika, akarudi kesho yake asubuhi, udongo mwekundu ungali kwenye viatu. Mzigo wenyewe haukuja. Wiki hiyohiyo shemeji yake bosi, ambaye kazi yake dukani ilikuwa kukalia kiti, akapewa siku saba aende Mombasa kwenye harusi ya rafiki. Bosi alimsindikiza hadi mlangoni.

"Nenda ukapumzike," akamwambia. "Umechoka sana."

Amechoka! Labda kiti ndicho kilichochoka.

Mama wa stoo hakulalamika. Aliacha tu kufanya lolote ambalo hakuagizwa, nasi tukamfuata bila hata kikao.

Mwezi uliofuata mvua kubwa ilitukuta mchana. Maji yakapita chini ya mlango, yakafikia robota la kwanza, kisha la pili. Tulikuwa watano, tumesimama kwenye kaunta. Bosi akatoka ofisini mbio, amepandisha suruali hadi magotini.

"Mnaangalia nini? Nyanyueni!"

"Sasa umetuagiza," yule mama akajibu. "Tunanyanyua."

Tukanyanyua, moja moja, taratibu, satini ikiwa imeshalowa hadi katikati.

Ningemheshimu kidogo kama angeona aibu. Wapi! Alimgeukia shemeji yake, mbele yetu, akamuuliza kwa nini wafanyakazi wa siku hizi hawana moyo. Shemeji akatikisa kichwa kwa masikitiko, bila kuinuka.

Mama yule aliondoka mwisho wa mwezi. Siku hizi anauza vitambaa vyake mwenyewe huko Nateete. Mimi nilibaki miezi sita zaidi, nikisema "ndiyo, bosi" kila asubuhi, na sijui nani nilimdharau zaidi, yeye au mimi.