Hondohondo wa Mdomo Mweusi

Nyumba yetu kule Nuu ilikuwa ya udongo, na kila mwaka kabla ya Krismasi niliikandika upya kwa mavi ya ng'ombe, udongo na majivu. Mimi si mtu wa mapambo. Aliyeanza kuchora ndege ukutani ni binti yangu wa kwanza. Alichora juu ya kitanda chake, kwa makaa na udongo mwekundu, na brashi yake ilikuwa kijiti alichotafuna ncha.

Siku moja alichora hondohondo. Nikamwambia, "Huyo umemharibu. Hondohondo ana mdomo mwekundu."

"Huyu ni wa kike, mama. Wa kike mdomo wake ni mweusi. Nimewaona wawili kule mtoni."

"Nimechunga mbuzi huko kabla wewe hujazaliwa. Usinifundishe ndege."

Hakumfuta.

Hiyo ilikuwa miaka ya sabini. Desemba ilipofika alishikwa na homa, baba yake akampeleka hospitali, safari ya siku nzima. Mimi nilibaki na wadogo zake. Nikaletewa habari kwamba amepata nafuu. Nikasema, basi arudi akute nyumba safi, maana nyumba isiyokandikwa Krismasi watu wa kanisa wanaisema. Nikakandika kuta zote. Nilipofika kwa yule ndege mkono wangu haukusimama.

Baba yake alirudi peke yake.

Baada ya mazishi niliulowesha ule ukuta maji, nibandue udongo wangu nimpate ndege. Ule mpya na ule wa zamani ulitoka pamoja mpaka fito zikaonekana. Nikaziba.

Miezi ikapita. Nilikuwa naokota mavi ya ng'ombe karibu na mto nikawaona hondohondo wawili wakidonoa chini. Mmoja mdomo mwekundu wenye njano kwenye ncha. Mwenzake mweusi tii. Nilisimama na karai kichwani mpaka wakaruka.

Nikaanza kuchora, kwanza nyuma ya jikoni, watu wasione. Mzee wangu, baba watoto, akaja kuchungulia.

"Huyo ni kuku."

"Kuku gani ana mdomo mrefu hivyo?"

"Basi ni kuku mgonjwa."

Nilicheka, halafu nikaona aibu kwamba nimecheka.

Mkono ulipozoea nikaingia ndani, nimrudishe ndege wa binti yangu pale pale juu ya kitanda chake. Nikamuuliza mzee, "Yule wake alikuwa anaangalia wapi?"

"Mlangoni."

Mimi nilidhani dirishani. Tukawauliza watoto, kila mmoja akasema lake. Tulikaa na ile picha miezi mitatu nyumba nzima, na hakuna aliyekuwa ameiangalia vizuri.

Nikamchora akiangalia mlango, kwa sababu mzee alisema kama mtu mwenye hakika. Kesho yake, akinywa uji, akaniambia labda ilikuwa dirisha.