Mlango wa Mbele wa Bibi

Wiki iliyopita, pale shuleni Mushasha, hapa Gitega, mwalimu mwenzangu mmoja wa somo la Kiingereza alinichefua hadi nikaacha chai yangu mezani. Nilikuwa naandaa somo la riwaya za Kiingereza za zama za Viktoria: namna chumba cha darini, korido baridi na mlango uliofungwa vinavyomkunja mtu polepole hadi anakuwa mtu mwingine. Akacheka. "Mwalimu, ayo iko ya Bazungu. Sisi huku tunaishi inje, nyumba ni ya kulala tu."

Ya kulala tu! Hebu nikueleze, rafiki yangu, nyumba niliyokulia mimi.

Tulirudi kijijini kwetu Gashoho kutoka ukimbizini Tanzania nikiwa na miaka tisa. Kule kambini bibi alituhadithia kila siku nyumba aliyojengewa na babu, mlango wake ukitazama njia ya sokoni. Tukakuta ina watu. Waliokuja kusuluhisha wakaamua tugawane: wakavuta kamba katikati, ukajengwa ukuta wa matofali mabichi, mlango ukaangukia upande wa wale tuliowakuta, sasa jirani zetu. Sisi tukapewa vyumba viwili visivyo na pa kuingilia. Baba akatoboa ukuta wa nyuma, kitundu cha kupita mtu mmoja kwa ubavu, kikitazama choo.

Ukuta ule wa kati haukufika kwenye bati. Wao wakichoma mawese, sisi tunapiga chafya. Sisi tukiunguza maharage, wao wanajua. Basi mama akatufundisha kunong'ona. Tulikula kwa kunong'ona, tukagombana kwa kunong'ona, hata kulia. Na tukitoka kisimani na ndoo kichwani, kufika kwetu ilibidi tukatize mbele ya baraza ya jirani. Tunasimama juani, uani kwetu wenyewe, tunabisha hodi, tunasubiri mtu aseme karibu.

Bibi aligoma. "Niliingia humu bi harusi, kwa mlango ule. Leo nipite nyuma, mimi mwizi?" Akatandika mkeka wake jikoni, kwenye kibanda cha moshi, akasema atahamia ndani siku atakayorudishiwa mlango wake. Baba alimbembeleza, mama alimlilia, wapi! Miaka minne alilala na majivu, akikohoa. Kila asubuhi aliufagia uwanja hadi kwenye kizingiti cha mlango ule, halafu anageuka kurudi jikoni. Mimi nilimwonea aibu mbele ya wenzangu, nikimwita mkaidi moyoni. Hasira ya aibu ile bado ninayo.

Akafa kulekule jikoni, kwa kifua. Baba akataka angalau aagwe ndani ya nyumba kabla ya kuzikwa, lakini jeneza likakataa kupita kwenye kitundu. Walijaribu kwa ubavu, wakajaribu limesimama, mpaka mama akapiga kelele waache. Ndipo jirani akafungua mlango wa mbele. "Mumulete huku," alisema, "nafasi iko." Wakampitisha. Akalazwa sebuleni kwake mwenyewe, mgeni wa watu, na baba akamshukuru jirani kwa mikono miwili. Jirani hakuwa mtu mbaya. Aliletwa pale akiwa mtoto, hakuchagua. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote, maana sina wa kumtukana.

Likizo iliyopita nilipita Gashoho. Familia zote mbili zilishahama, na mvua imeiangusha nyumba, pamoja na ule ukuta wa kati. Pameota mihogo. Nilitafuta kizingiti cha bibi kwa mguu, nikipekua udongo, sikukiona. Hakuna tena harufu ya mawese, wala sauti ya ufagio asubuhi.

Hapa Gitega nimepanga chumba, naishi peke yangu, ufunguo ninao mimi tu. Na kila nikirudi kutoka kazini, kabla ya kufungua, nabisha hodi. Jana yule mwenzangu alinisindikiza, akanisikia.

"We mwalimu, iko nani mule ndani?"

Nilisimama mlangoni kwangu kwa hasira, nikisubiri kukaribishwa.