Pedi za Shemeji

Gerejini kwetu alikuwapo fundi wa breki tuliyemwita Kipimo. Lilikuwa jina la kejeli, msidhani tulimpa tuzo. Mafundi wengine hutazama pedi za breki kwa jicho, wakasema, "Hizi bado zina maisha," wakarudisha tairi. Yeye alichomoa kipimo chake cha chuma mfukoni, akaibana pedi, akasoma milimita, akaiandika kwa chaki ndani ya rimu. Miaka ishirini na miwili alifanya hivyo. Wakimcheka anawaambia, "Injini ikikataa, unapiga simu. Breki zikikataa, wanapigiwa simu ndugu zako."

Mimi ni karani wa stoo pale pale, wananiita Mama Stoo. Nina mdomo, hilo sikatai, na kila mtu gerejini nimeshamchamba angalau mara moja. Dirisha langu linatazama uwanja wote, kwa hiyo haya sikusimuliwa na mtu.

Kipimo alikuwa na shemeji yake, mdogo wa mkewe, dereva wa tajiri mmoja. Gari lenyewe ni lile jeusi la kifahari, kubwa kama chumba, viti vya ngozi, vioo vikipanda humo ndani husikii hata mvua. Kila likiingia getini utani unaanza.

"Shemeji, hizi breki unakanyaga au unaua mende?" Kipimo anamwuliza.

"Tajiri anataka mbio, halafu anataka kusimama hapo hapo. Wewe kazi yako kupima, pima! Au dada yangu hakupi chai?"

Na sisi tunacheka. Gari zito namna ile hula pedi za mbele kama karanga. Ndiyo maana waliolitengeneza waliweka waya mwembamba ndani ya pedi. Pedi ikikonda, waya unakatika, taa inawaka pale kwenye dashibodi ili mtu aokoe roho yake.

Siku moja taa ikawaka. Pedi za gari lile hazipatikani duka la jirani, zinaagizwa nje, na wiki tatu ukizipata mapema umshukuru Mungu. Shemeji mtu akaja amenyong'onyea. Tajiri hakutaka kuiona ile taa. Alimwambia ikiwaka tena mbele ya wageni wake, atafute kazi kwingine.

"Shemeji, niunganishie waya," akaomba. "Wiki chache tu. Nina watoto watatu."

Hili ni jambo la gereji zote, asikudanganye mtu. Unakata waya, unasokota ncha mbili pamoja, unafunga utepe, taa inazimika, mwenye gari anaondoka anatabasamu. Kipimo hakuwahi kulifanya. Wengine walipolifanya aliwaita wauaji, tena kwa sauti. Lakini huyu alikuwa shemeji yake, na dada mtu alikwisha kumlilia nyumbani usiku kucha. Akaunganisha. Akafunga utepe wa buluu, akaukaza kwa fundo lake lile la mara mbili, maana hata uovu alitaka kuufanya vizuri.

"Sikiliza," akamwambia. "Sasa taa ni mimi. Kila Jumamosi uje nipime. Usipokuja nitakufuata hadi kwa huyo tajiri wako."

Jumamosi ya kwanza, milimita nne. Ya pili, tatu. Ya tatu, mbili kasoro. Siku hiyo Kipimo hakutania. Alimwambia asitoke nje ya mji mpaka pedi zifike, na mwenzake akajibu, "Tajiri akisema twende, mimi nani nikatae?"

Pedi zikafika Jumatatu jioni, Kipimo ameshaondoka. Boksi moja tu. Nikachukua kalamu ya wino mzito nikaandika juu yake "ZA SHEMEJI", nikaliweka rafu ya mbele nimpe asubuhi. Nililala vizuri siku hiyo.

Asubuhi, kabla sijafungua dirisha, mwenye gereji akaingia stoo. Huko nje alikuwa amekaa rafiki yake, na gari kama lile la tajiri, ila lake jeupe.

"Lete hilo boksi."

"Lina mwenyewe hilo, bosi. Gari lake liko hatarini."

"Stoo ya nani hii? Jingine linakuja Ijumaa. Siku tatu tu hizo, kwani atakufa?"

Ndivyo alivyosema, wallahi, kwa maneno hayo hayo. Na mimi mwenye mdomo, mimi ninayechamba watu mpaka wateja wanageuka, nikalishusha lile boksi. Nina mama mgonjwa na ile kazi ndiyo inayomtunza. Hiyo ni sababu, si udhuru, najua. Nikazitoa pedi ndani ya boksi ili Kipimo asione maandishi yangu. Hakuna aliyenituma kufanya hivyo. Akili hiyo ilikuwa yangu.

Nikampa mkononi, dirishani, nikamwambia mwenye gari jeupe kaja nazo mwenyewe. Akazipokea, akazipima kama kawaida yake, akalipandisha gari jeupe kwa jeki akaanza kufunga. Alikuwa anapiga mluzi. Amefikia gurudumu la pili simu yake ikalia. Akasikiliza, akaniita kutoka kule chini:

"Mama Stoo! Shemeji anauliza zake zimefika? Kesho wanasafiri!"

Mwenye gereji alikuwa amesimama nyuma yangu, nasikia anavyopumua.

"Bado!" nikajibu.

"Bado, shemeji," Kipimo akasema kwenye simu, na pedi ya shemeji yake iko kwenye mkono wake wa kulia. "Mgomee huyo mtu. Mwambie gari bovu. Basi, kama huwezi, ukifika mteremkoni shuka kwa gia ndogo, usilale kwenye breki. Unanisikia?"

Walisafiri Jumatano. Tajiri alishukia kwenye mkutano wake, akamtuma dereva arudi peke yake na mizigo, haraka. Kwenye mteremko mrefu pedi zilikwisha, chuma kikala diski, moto ukapanda hadi kwenye mafuta ya breki, pedali ikalala chini. Taa haikuwaka. Mtu wa watoto watatu, akaishia kwenye ukuta wa daraja.

Wakaguzi walipofungua gurudumu walikuta utepe wa buluu. Wakauliza mafundi wote kazi ya nani. Kipimo akatazama lile fundo, akasema, "Mkono wangu huo," basi. Mwenye gereji akamfukuza hapo hapo, akapiga na hotuba juu ya usalama wa wateja, mshenzi yule. Mkewe alifunga nguo zake akarudi kwao. Mazishini hawakumruhusu hata kushika koleo.

Ijumaa boksi la pili likafika kweli. Liko rafuni mpaka leo, halina gari.

Siku hizi Kipimo anaziba pancha za baiskeli karibu na kituo cha mafuta. Mwezi uliopita nilipiga moyo konde nikaenda. Nilikwenda kusema, nawaapia, njia nzima nilikuwa nayapanga maneno. Aliponiona akasimama, akanifutia kigoda kwa shati lake.

"Gereji nzima ni wewe tu uliyekuja kuniona, dada," akasema. "Wewe ni mtu." Akazungusha gurudumu la baiskeli ya watu. "Unajua kinachonikosesha usingizi? Laiti zile pedi zingewahi, hata siku moja tu."

Nikamwambia, "Ndiyo, fundi."